Kaptula za kaki, bastola na mabomu: maswali kuhusu makaburu waliotaka kuzuia uchaguzi wa 1994

Kila tarehe 27 Aprili, siku moja tu baada ya sisi kumaliza gwaride la Muungano, Afrika Kusini huadhimisha Siku ya Uhuru. Wengi tunamkumbuka Mandela akitoka gerezani mwaka 1990, kisha tunamkumbuka akipiga kura mwaka 1994. Miaka minne ya katikati tumeirukia, nayo ndiyo iliyomwaga damu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi juu ya wazungu walioshika silaha ili uchaguzi ule usifanyike.

Si makaburu wote walikuwa kitu kimoja?

Hapana, na hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Neno "kaburu", lililotokana na Boer, kwetu lilimeza kila mtu: P. W. Botha aliyetawala miaka ya 80, askari wake, mkulima wa Transvaal, hadi bosi mnyanyasaji wa kiwandani kule Ubungo. Kufikia 1990, hata hivyo, nyumba yao ilikuwa imepasuka zamani. Mwaka 1982 Andries Treurnicht alijitoa chama tawala cha National na kuunda chama cha Conservative, kwa hoja kwamba Botha analegeza ubaguzi. Botha analegeza! Ndivyo walivyoona. Baada ya uchaguzi wa 1987 chama hicho kikawa upinzani rasmi katika bunge la wazungu.

Tarehe 2 Februari 1990 Rais F. W. de Klerk akaondoa marufuku dhidi ya ANC, PAC na chama cha kikomunisti. Miaka miwili baadaye, tarehe 17 Machi 1992, akawauliza wazungu wenzake kwa kura ya maoni: tuendelee na mazungumzo au tuache? Asilimia 68.7 wakasema tuendelee. Waliokataa walikuwa zaidi ya 870,000. Wengi wao hawakumgusa mtu. Wachache waliogusa ndio habari yetu.

AWB walikuwa akina nani hasa?

Afrikaner Weerstandsbeweging, maana yake Harakati ya Upinzani ya Waafrikaner. Kilianzishwa 1973 na watu 7 katika gereji moja mjini Heidelberg, kiongozi wao akiwa Eugène Terre'Blanche, mkulima aliyewahi kuwa polisi. Bendera yao ilikuwa nyekundu, katikati duara jeupe lenye namba 7 tatu nyeusi zilizoshikana miguu. Wao walieleza kwamba ni saba za Biblia dhidi ya 666. Aliyewahi kuona picha ya Hitler hakuhitaji maelezo hayo.

Walijulikana nchi nzima mwaka 1979 walipomvamia profesa wa historia, Floors van Jaarsveld, katikati ya mhadhara wake Pretoria, wakampaka lami na kumbandika manyoya. Kosa lake? Alisema tarehe 16 Desemba, siku ya nadhiri ya makaburu, isichukuliwe tena kama siku takatifu. Na huyo alikuwa kaburu mwenzao.

Walichodai ni Volkstaat, yaani taifa la wazungu peke yao, lililokatwa kutoka ardhi ileile. Terre'Blanche alikuwa msemaji hodari, mwenye sauti ya kutikisa uwanja, na alipenda kuonekana juu ya farasi. Siku moja farasi alimwangusha mbele ya kamera, na magazeti hayakumsahaulisha hadi kufa kwake. Wafuasi walivaa kaptula na mashati ya kaki. Kikosi chake teule, Ystergarde, kilivaa nyeusi.

Ilikuwa rahisi kuwacheka, na wengi waliwacheka. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe hili lilikuwa na risasi ndani.

Silaha walizitoa wapi?

Nyingine zilikuwa zao kihalali. Mkulima mzungu kuwa na bunduki mbili tatu lilikuwa jambo la kawaida, na wengi walikuwa wamepita jeshini kwa lazima, kisha wakaandikishwa katika komando za wilaya, yaani mgambo wa wazungu waliokuwa chini ya jeshi. Kwa hiyo mafunzo walikuwa nayo, na simu za upepo pia.

Nyingine ziliibwa. Mwaka 1990 Piet Rudolph, kiongozi wa kikundi kiitwacho Orde Boerevolk, aliongoza wizi wa silaha katika makao ya jeshi la anga Pretoria. Zikasambaa mikononi mwa wenye msimamo mkali. Bastola moja kati ya hizo tutakutana nayo tena chini.

Kwa hiyo hao ndio waliua watu wengi zaidi miaka ile?

La. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi. Kati ya 1990 na 1994 inakadiriwa watu 14,000 hivi waliuawa katika vurugu za kisiasa. Sehemu kubwa kabisa walikuwa weusi waliouawa Natal na katika vitongoji vya Johannesburg, kwenye vita vya wafuasi wa ANC na wa Inkatha, chama cha Wazulu. Boipatong, usiku wa 17 Juni 1992, watu 45 waliuawa na washambuliaji waliotoka hosteli ya jirani. Nyuma ya vita hivyo kulikuwa na mkono wa watu wa usalama, waliowapa Inkatha silaha na mafunzo. Eugene de Kock, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha siri cha Vlakplaas, alilieleza hilo mwenyewe baadaye.

Mwenye kaptula ya kaki alipiga kelele barabarani, na mwenye suti akaua kimya kutoka ofisini. Ukiniuliza nani alikuwa hatari zaidi, nitakutajia wa pili. Wa kwanza alikuwa hatari kwa sababu moja: alikuwa na ndugu, marafiki na makamanda wake wa zamani ndani ya jeshi na polisi. Swali la miaka ile yote lilikuwa kama siku moja jeshi lingemfuata.

Je, polisi waliwahi kupambana nao?

Ndiyo. Tarehe 9 Agosti 1991 de Klerk alikwenda kuhutubia Ventersdorp, nyumbani kwa Terre'Blanche. AWB wapatao 2,000 walijitokeza kumzuia. Polisi walifyatua risasi. Wafuasi 3 wa AWB na mpita njia mmoja walikufa. Polisi mzungu kumpiga risasi mzungu mwenzake kwa kulinda serikali ni jambo ambalo kizazi kile hakikuwa kimeliona. Kwa AWB, siku ile serikali ya National iligeuka adui rasmi.

Chris Hani aliuawaje, na kwa nini yeye?

Hani si mgeni kwetu. Miaka ya 60 aliishi Kongwa, Dodoma, katika kambi ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, kabla ya kwenda vitani Rhodesia. Mwaka 1993 alikuwa katibu mkuu wa chama cha kikomunisti, na kwa vijana wa vitongoji hakuna aliyependwa zaidi yake ukimtoa Mandela.

Jumamosi ya Pasaka, 10 Aprili 1993, alikuwa amewapa walinzi wake mapumziko. Asubuhi alitoka kununua gazeti. Aliporudi kwake Dawn Park, Boksburg, aliposhuka garini tu, mzungu mmoja aliyekuja na Ford Laser nyekundu akampiga risasi nne pale mlangoni. Binti yake alikuwa nyumbani. Muuaji alikuwa Janusz Waluś, mhamiaji kutoka Poland. Bastola alipewa na Clive Derby-Lewis, mwanasiasa wa chama cha Conservative aliyewahi kuwa mbunge. Na bastola yenyewe ilitoka katika ule wizi wa jeshi la anga.

Kwa Waluś polisi walikuta orodha ya majina. La Mandela lilikuwamo, la Joe Slovo, mkomunisti mwenzake Hani, lilikuwamo. Hesabu ya wauaji ilikuwa hii: Hani akifa, vijana weusi watalipuka, watachinja wazungu, jeshi litaingia mitaani na mazungumzo yatakufa.

Kilichoharibu hesabu hiyo kilianzia kwa jirani. Mama mmoja, Muafrikaner, aliliona gari, akashika namba zake na kupiga simu polisi. Waluś alikamatwa muda mfupi baadaye, bastola ikiwa bado garini. Mandela alipohutubia taifa kwenye televisheni aliliweka jambo hilo mbele: mzungu aliyejaa chuki amekuja nchini mwetu akatenda unyama huu, na mwanamke mzungu, Muafrikaner, amehatarisha maisha yake ili tumjue muuaji. Rais wa nchi kisheria alikuwa de Klerk. Lakini nchi ilipotaka kuambiwa itulie, aliyesikilizwa hakuwa yeye.

Vurugu zilitokea na watu wakafa, lakini vita vilivyotarajiwa havikuja. Mwezi Juni tarehe ya uchaguzi ikatajwa: 27 Aprili 1994. Wauaji waliotaka mazungumzo yafe waliyapatia tarehe ya mwisho.

Ni kweli walivunja ukumbi wa mazungumzo kwa gari la deraya?

Kweli tupu. Tarehe 25 Juni 1993, watu wapatao 3,000 walikusanyika nje ya World Trade Centre, Kempton Park, ambamo wajumbe walikuwa wakiandika katiba ya mpito. Baadhi walikuja na wake zao, watoto na nyama ya kuchoma, kama wanakwenda pikiniki. Kisha gari la deraya likapenya ukuta wa kioo wa mbele na watu wa kaki wakamiminika ndani. Walipiga watu, wakaandika maneno ukutani, wakakojoa ndani ya ukumbi, na wakasali pia. Wajumbe walijifungia vyumbani. Polisi walikuwapo na hawakufanya la maana.

Hilo la polisi ndilo lililowatisha ANC kuliko kioo kilichovunjika. Piga picha vijana weusi 3,000 ndio wamevunja mlango ule: maiti zingehesabiwa kabla ya saa sita mchana.

Ni nani hasa angeweza kuleta vita?

Si Terre'Blanche. Ni Jenerali Constand Viljoen. Huyu alikuwa mkuu wa majeshi hadi 1985, akastaafu akawa mfugaji, na askari walimheshimu kweli kwa sababu vitani Angola alikuwa mstari wa mbele nao. Mei 1993 yeye na majenerali wengine wastaafu waliunda Afrikaner Volksfront kuunganisha makundi ya mrengo wa kulia. Mwenyewe aliamini angeweza kuita makumi ya maelfu ya wanaume waliofunzwa. Inasimuliwa kwamba alimwambia mkuu wa majeshi aliyekuwa kazini kuwa wakiungana wangeitwaa nchi mchana mmoja. Akajibiwa: sawa, na kesho yake asubuhi tufanye nini?

Hapo ndipo Mandela alipoonyesha ufundi wake. Kuanzia Agosti 1993 alikutana na Viljoen kimyakimya, pacha wa Viljoen, Braam, akiwa mmoja wa waliounganisha pande hizo. Viljoen alikuja kusimulia kwamba Mandela alimkaribisha nyumbani, akamkalisha karibu naye na kummiminia chai kwa mkono wake. Akamweleza bila kupindapinda: mkiingia vitani hatutawashinda kijeshi, lakini na ninyi hamtatushinda, kwa sababu sisi ni wengi na dunia iko upande wetu. Mazungumzo yaliendelea miezi mingi. Kuna wanaosema Mandela alimbembeleza adui. Mimi naona alikuwa akimtenga jenerali na wafuasi wa farasi, na kazi hiyo haifanyiki kwa mkutano wa hadhara.

Inawezekanaje wabaguzi washirikiane na viongozi weusi?

Kila mmoja alikuwa na kiti chake cha kulinda. Lucas Mangope wa Bophuthatswana alitawala "nchi" iliyobuniwa na makaburu, ambayo hakuna taifa lingine duniani lililoitambua. Uchaguzi ukifanyika, nchi hiyo inafutika. Mangosuthu Buthelezi wa Inkatha aliogopa kumezwa na ANC. Chama cha Conservative na Volksfront walitaka Volkstaat. Oktoba 1993 wote hao walikaa pamoja katika Freedom Alliance. Buthelezi alikubali kuingia uchaguzini wiki moja tu kabla ya kura, na karatasi zilikwisha kuchapishwa. Ikabidi kibandikwe kipande chenye jina la chama chake chini kabisa.

Nini kilitokea Mmabatho, mji mkuu wa Bophuthatswana, Machi 1994?

Mangope alikataa uchaguzi. Watumishi wa serikali yake, wakihofia mishahara na pensheni zao itakapofutika Bophuthatswana, wakagoma. Wanafunzi wakaingia barabarani, maduka yakaporwa, polisi wakaanza kuwageuka wakubwa. Mangope akamwomba Viljoen msaada, kwa sharti moja: AWB wasije, maana askari wake weusi wasingewavumilia.

AWB walikuja. Walipita mitaani Mmabatho na Mafikeng kwa magari yao, wakiwapiga risasi watu weusi waliowakuta njiani. Askari wa Bophuthatswana walipoona hivyo wakaasi, wakawaambia wazungu watoke. Msafara ukaanza kuondoka tarehe 11 Machi, huku wengine wakiendelea kufyatua kutoka madirishani.

Gari la mwisho lilikuwa Mercedes ya buluu. Lilipigwa risasi likasimama. Wanaume watatu waliovaa kaki walianguka kando yake. Mmoja aliyekuwa mzima kiasi aliinua mikono akiomba wasaidiwe, waandishi wa habari wakiwa hatua chache wanapiga picha. Polisi mmoja wa Bophuthatswana akasogea, akawapiga risasi mmoja baada ya mwingine. Picha zilizunguka dunia siku ileile.

Katika vijiwe vingi vya Afrika watu walishangilia picha zile. Sijui kushangilia mtu aliyelala chini anayeomba uhai. Lakini naelewa zilifanya nini. Kwa makaburu wengi vita vya ukombozi wa taifa lao vilikuwa hadithi ya mashujaa juu ya farasi, na ghafla wakaviona vilivyo: watu watatu vumbini, hakuna anayekuja kuwaokoa. Viljoen, aliyejionea AWB wakivuruga kila alichopanga, alijitoa Volksfront na kuingia uchaguzini na chama chake kipya, Freedom Front. Kuanzia hapo kuna aliyebaki na mabomu, lakini hakuna aliyebaki na jeshi. Mangope aliondolewa madarakani tarehe 12 Machi.

Yule polisi alifungwa?

Hapana. Aliomba msamaha wa kisheria mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, akapewa.

Mabomu ya wiki ya uchaguzi yaliua wangapi?

Takriban watu 20. Jumapili 24 Aprili 1994 gari lenye bomu lililipuka Bree Street, Johannesburg, karibu na makao ya ANC, watu 9 wakafa. Kesho yake Germiston, kwenye kituo cha kombi, asubuhi watu wakienda kazini: 10 wakafa. Yeyote anayejua kituo cha daladala cha saa mbili asubuhi anaelewa kwa nini palichaguliwa. Tarehe 27, siku yenyewe ya kura, likalipuka jingine uwanja wa ndege wa Jan Smuts na kujeruhi watu.

Polisi waliwakamata wanachama wa AWB zaidi ya 30 siku hizohizo. Watu waliendelea kupanga foleni za kilomita. Kura karibu milioni 20 zikapigwa. ANC ikapata asilimia 62.65, na Freedom Front ya Viljoen asilimia 2.17, sawa na viti 9.

Kwa nini walipuaji wengi walisamehewa?

Kwa sababu tarehe ilisogezwa. Mwanzoni msamaha ulihusu makosa yaliyotendwa hadi 6 Desemba 1993. Mabomu na Mmabatho vingebaki nje. Viljoen na wengine walishinikiza, ikasogezwa hadi 10 Mei 1994, siku Mandela alipoapishwa. Walipuaji waliokuwa wamehukumiwa vifungo virefu wakaomba na kupata. Masharti yalikuwa mawili makubwa: useme ukweli wote, na kosa liwe la kisiasa. Kujuta hakukuwa sharti. Familia za Germiston zilisikia maelezo, na baada ya hapo zikawaona waliowaulia watu wao wakienda zao.

Na waliomuua Hani?

Walinyimwa. Tume iliona hawakusema ukweli wote na hawakuagizwa na chama chochote. Hukumu yao ya kifo iligeuzwa kifungo cha maisha, baada ya adhabu hiyo kufutwa mwaka 1995. Derby-Lewis alitolewa 2015 akiwa mgonjwa, akafa mwaka uliofuata. Waluś aliachiwa kwa parole Desemba 2022 kwa amri ya Mahakama ya Katiba, mjane wa Hani akipinga kwa uchungu, na Desemba 2024 akarudishwa Poland.

Terre'Blanche aliishia wapi?

Alifungwa, lakini si kwa siasa: alimpiga mhudumu wa kituo cha mafuta, na alimpiga mfanyakazi mweusi nusura amuue. Alitoka mwaka 2004, akapanda farasi. Tarehe 3 Aprili 2010 aliuawa shambani kwake nje ya Ventersdorp; aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa mfanyakazi wake.

Makundi haya yamekwisha?

Kama jeshi, ndiyo. Vikundi vidogo viliendelea. Mkesha wa Krismasi 1996 mabomu yaliua watu 4 mjini Worcester. Mwaka 2002 kikundi cha Boeremag kililipua reli Soweto na kuua mwanamke mmoja; kesi yao ya uhaini ilichukua karibu miaka kumi. Wenye ndoto ya Volkstaat bila bunduki wako Orania, mji wao wa Northern Cape. Mwaka 1995 Mandela alikwenda huko kumtembelea mjane wa Verwoerd, waziri mkuu aliyeujenga ubaguzi. Alikunywa chai tena.

Lile jengo la Kempton Park bado lipo?

Mahali pale leo panaitwa Emperors Palace: hoteli na kasino, dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Na uwanja wenyewe, ule uliolipuliwa siku ya kura, tangu 2006 unaitwa OR Tambo, jina la kiongozi wa ANC aliyefariki wiki mbili baada ya Hani. Ndege za kutoka Dar hutua hapo.